Wigi Lililobaki Nainokanoka

Mashoga zangu, nimechoka. Tangu nirudi, kila anayeingia saluni haniulizi habari za safari, ananiuliza, "Mama Nashipai, lile wigi la rangi ya asali liko wapi?" Nikimjibu huyu, anaingia mwingine, naanza upya, na huku mteja dawa inamuunguza kichwani. Sasa nimeandika. Nimeweka kwenye grupu letu, kila mtu asome akiwa kwake, na asiyesoma asije kunisumbua.

Wigi liko Nainokanoka, juu huko Ngorongoro, kwa wakwe zangu. Halikuibwa wala halikupotea. Lakini ili mwelewe lilivyobaki, inabidi tuanze na kichwa cha mwanangu.

Kichwa chenyewe

Nashipai mnamjua. Ana miaka miwili na ushee, anaongea kuliko dalali, na hataki mtu amguse kichwa. Mama msusi, mtoto kichaka! Mmenicheka wenyewe humu ndani. Ukinyoosha mkono tu anajifunika utosi kwa viganja viwili na kupiga kelele, "Kichwa changu!" mpaka majirani wadhani kuna mwizi. Halafu ana tabia nyingine. Akimwona mtu mzima yeyote, anamwambia, "Malahaba!" kabla hata hajasemeshwa. Hilo amelitoa humu humu saluni, maana kutwa wasichana wananiamkia na mimi naitikia, yeye akaona hiyo ndiyo salamu.

Sasa, kwa Wamasai mtoto haamkii kwa mdomo. Anainamisha kichwa mbele ya mkubwa, mkubwa anamwekea kiganja utosini, basi, wamesalimiana, na baraka ameipata. Baba mkwe wangu alikuwa hajamwona Nashipai, wala mimi. Harusi yetu tulifanyia kwetu Morogoro, miguu ikamzuia kuja. Mwaka huu akaanza kuumwaumwa. Koko, ndivyo wanavyomwita bibi huko, akampigia simu mume wangu Lemburis akamwambia, "Baba yako hana anachotaka ila kumwekea huyo mtoto mkono kichwani. Mleteni wakati bado anaamka mwenyewe."

Jamani, nilipata homa. Nilijiona nimesimama katikati ya boma, mwanangu anampigia mzee wa watu kelele, na ukoo mzima unanitazama mimi, mke wa mjini, kwamba ndiye niliyemlea hivyo. Na mzee mwenyewe, je, kama ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho?

"Usiwe na wasiwasi," Lemburis akasema. "Safari ni ndefu. Tutamfundisha njiani."

Dar hadi Arusha

Mume wangu ni fundi wa majokofu, mtu wa taratibu, na akiamua jambo haachi. Basi lilikuwa halijatoka hata Kibaha, yeye ameshamtoa mwanasesere kwenye mkoba. "Tazama, mama. Huyu ni mtoto. Anainama hivi." Akamwinamisha mwanasesere. Kisha akainama na yeye, paji la uso likagusa kiti cha mbele. Akainuka. Akainama tena. Akainuka. Mama aliyekaa upande wa pili akaninong'oneza, "Pole, dada. Anaumwa tumbo?"

Nashipai alilishika somo haraka, tatizo alilishika upande wake. Alimchukua mwanasesere, akamwinamisha vizuri sana, akamwekea kiganja kichwani na kusema, "Malahaba!" Kisha akamtazama baba yake, akamwekea na yeye. "Malahaba!"

"Huyu amejifanya mzee," nikamwambia Lemburis.

"Ataelewa," akanijibu, akainama tena.

Korogwe tukala chipsi mayai, Same Nashipai akatapika chipsi mayai, Moshi akalala. Arusha tulifika wote tumechoka, ila baba yake bado alikuwa na matumaini.

Arusha hadi Karatu

Kesho yake tukapanda basi la Karatu. Mwezi wa saba huko baridi ni ya kweli, siyo hii yetu ya kuzima feni. Nilivaa soksi mbili na sweta, na kichwani lile wigi, maana nilisema wakwe wanione mara ya kwanza nikiwa mtu. Nilililipia kwa jasho langu, mnajua.

Nilikaa na bibi mmoja Mwiraqw aliyekuwa anarudi kwake Baray, kule bonde la Eyasi wanakolima vitunguu. Alikuwa mcheshi, kapu lake limejaa karanga. Tukawa tunaongea vizuri tu, mpaka akamwonea Nashipai huruma kwa baridi, akamshika kichwa. Mama yangu! "Kichwa changu!" Konda akageuka, dereva akakanyaga breki, kuku wa mtu akatoka chini ya kiti.

"Kumbe kina mwenyewe," bibi akasema, na wala hakukasirika.

Nikamweleza mkasa wote, Babu na mkono wake. Bibi akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, kisha akamnyooshea Nashipai kiganja cha karanga. Nashipai alizila zote kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umebaki kichwani kulinda.

"Huyo hutamweza kwa kumhonga chakula," bibi akaniambia.

Mto wa Mbu basi lilisimama kidogo watu wanunue ndizi nyekundu. Wote wakarudi isipokuwa mtu mmoja. Konda akapiga kelele, dereva akapiga honi, abiria wakaanza kumsema huyo mpumbavu asiyejua muda. Na mimi nikasema nao, tena kwa sauti. Halafu nikatazama dirishani nikamwona, mume wangu, mkungu begani, ameshikana mikono na mwanamume mwingine wanachekeana. Kumbe amekutana na mtu wa rika lake, walitahiriwa pamoja, na mtu wa rika huwezi kumpungia mkono ukapita. Lazima muulizane watu, ng'ombe, mvua, majani, na mrudie. Alipopanda aligawa ndizi basi zima, wakamsamehe. Mimi nilichelewa kidogo.

Karatu, kwa Bi Zuhura

Magari ya kwenda Nainokanoka ni machache. Lipo Land Cruiser moja linalopeleka mizigo na watu, na wote wanaolisubiri husubiri mbele ya duka la mablanketi la Bi Zuhura, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuitia watu mnadani. Dereva wake anaitwa Paskali, kijana wa pale pale Karatu aliyejifunga skafu mpaka puani.

"Tunaondoka saa ngapi?" nikamwuliza asubuhi.

"Sasa hivi. Bado kidogo tu."

Nikapanda nikakaa. Nashipai nikampakata. Bado kidogo ilikuwa mabati. Mabati yakaja, ikawa bado kidogo ya magunia ya mahindi. Yakaja, ikawa godoro la mwalimu fulani. Godoro lilipokuja mwalimu akawa hayupo. Jua likaegemea upande wa pili, Paskali akaja akaniambia kwa heshima kabisa, "Dada, shuka tu. Geti la hifadhi halitusubiri, tutaondoka kesho."

"Si ulisema sasa hivi?"

"Ndiyo. Nilisema ukweli wa asubuhi."

Bi Zuhura akaniita ndani, akanipa chapati na maharage na chai ya tangawizi, akambebesha Nashipai andazi kila mkono. "Malahaba!" Nashipai akamwambia.

"Sijakuamkia, mwanaharamu wee!" Bi Zuhura akaangua kicheko. Kisha akalitazama wigi langu, akalizunguka kama anakagua kitambaa. "Zuri. Lakini huko juu, mwanangu, upepo ndio utakaolivaa. Jifunge kitenge."

Nilimtii. Kichwa chenyewe kilikuwa kinagonga kwa kuchoka, nikatoa na vibanio vyote vinavyolishika wigi nikavitia kwenye pochi, nikafunga kitenge juu. Kumbukeni hivyo vibanio. Kwa Bi Zuhura tukamnunulia Babu kofia ya sufu ya rangi ya ugoro, inayofunika masikio. Lemburis alimwomba Nashipai aijaribu. Mnajua alichojibiwa.

Juu ya mlima

Tuliondoka asubuhi ya pili, mwalimu amepatikana, na mimi nimekalia godoro lake. Baada ya geti barabara inapanda msituni, na ukungu ulikuwa mzito, matone yanatudondokea kutoka kwenye miti kama mvua. Magari ya watalii yanatupita, wamejifunika mablanketi, pua nyekundu. Mimi nilikuwa na hamu na kreta. Maisha yangu yote naiona kwenye kalenda. Paskali aliposimamisha gari juu kabisa nikashuka mbio.

"Kreta iko wapi?"

"Hapo mbele yako," Paskali akasema. "Ila usisogee."

Nikatazama. Weupe. Nikatazama kushoto, weupe. Mzungu mmoja pembeni yangu alikuwa anapiga picha weupe. Nikapiga na mimi, iko kwenye simu, atakaye aje nimwonyeshe kreta.

Mbele kidogo nyati mkubwa amesimama katikati ya barabara, anatafuna, anatutazama kama tunamdai. Paskali akazima injini. Gari zima kimya. Na katika ukimya huo binti yangu akachungulia nje akasema kwa sauti ya kutosha, "Malahaba!"

"Mshike huyo mtoto!" Paskali akanong'ona. "Nyati hana marahaba!"

Nyati akafikiri, akaondoka. Nashipai akampungia mkono. Nilicheka mpaka nikajisahau, ila gari lilipoondoka tu, nikakumbuka tunakokwenda. Tulikuwa tumebakiza sehemu ndogo, na somo la baba yake halijasogea hata hatua moja. Amewaitikia mwanasesere, baba yake, Bi Zuhura na nyati, na kichwa hajatoa kwa yeyote.

Bomani

Gari lilituacha karibu na maduka, tukatembea tukipanda, majani yamelowa, ng'ombe wanatupisha. Watoto wa boma walitukimbilia wengi, na mmoja mmoja wakanijia na vichwa wameinamisha. Sikujua nifanye nini na vichwa vyote hivyo! Nikawa nawagusa, na mkono wa kazi ni mkono wa kazi, nikajikuta nakagua mba. Nashipai aliwatazama kwa mshangao, kwamba hawa wana vichwa vya bure.

Koko akatoka, mwembamba, kichwa kimenyolewa kinang'aa, shanga mpaka mabegani, akanikumbatia akitikisika kwa furaha. Nyuma yake, mbele ya nyumba, mzee amekaa kwenye kigoda, amejifunga mablanketi mawili mekundu, fimbo magotini. Mrefu hata akiwa amekaa. Nywele fupi nyeupe kabisa. Alikuwa anatazama kitu kimoja tu, mwanangu.

Lemburis alitangulia, akainama, mkono ukamkaa kichwani. Kisha akamsogeza Nashipai. Watu wote wa boma wamesimama. Mzee akanyoosha mkono, taratibu.

"Kichwa changu!"

Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia hata siku ya chanjo. Akakimbilia nyuma ya sketi yangu, viganja utosini, analia kwa kwikwi. Mkono wa mzee ukabaki hewani, kisha ukarudi magotini, ukashika fimbo. Koko akainamisha macho. Nilitamani ardhi ipasuke. Sikuwa na uchungu wa aibu yangu tena, nilikuwa na uchungu wa ule mkono.

Koko akanigusa kiwiko, akanionyesha mzee kwa kidevu. Nikamtazama Lemburis. "Na wewe," akaniambia.

"Na mimi nini?"

"Uiname. Ni baba mkwe wako."

"Si ulisema watoto?"

"Nilidhani unajua!"

Mwanaume huyu alikuwa na njia nzima kutoka Dar ya kuniambia! Kwa kuchanganyikiwa nikaona nisimpe mzee kichwa chenye kitambaa cha vumbi, ni utovu wa adabu. Nikavua kitenge. Nikainama. Kiganja kikanikaa utosini, kizito, kikavu, kigumu kwa miaka ya kazi. Na nyuzi za wigi, mnazijua zile za bei, zinanasa hata kwenye kucha. Mzee akainua mkono. Wigi likainuka nao.

Niliusikia upepo kichwani.

Mzee ameshika nywele zangu hewani, anazitazama, ananitazama mimi na vinywele vyangu vilivyosukwa chini ya wigi, anazitazama tena. Sura ya mtu aliyemvunja mgeni. Mtoto mmoja wa boma alikimbia.

Halafu nyuma ya sketi yangu kikatoka kicheko. Nashipai! Machozi bado mashavuni, anacheka mpaka anakaa chini. "Tena! Babu, tena!"

Koko akafuata, akashika kifua. Kisha boma zima likaangua, wanawake wanashikana, Lemburis ameegemea ukuta hawezi kusimama. Mzee ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alicheka bila sauti, mabega tu yanaruka. Akanirudishia wigi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Kisha akamgeukia mjukuu wake, akaweka fimbo chini, akainama mbele kutoka kwenye kigoda mpaka kichwa chake cheupe kikawa usawa wa uso wa mtoto. Akajigonga utosini kwa kidole. Yaani, na zangu jaribu, uone kama zinatoka.

Nashipai akasogea. Akashika nywele, akavuta. Hazikutoka. Akavuta tena. Alipohakikisha, akakiweka kiganja chake kidogo katikati ya utosi wa babu yake, akakituliza pale, na kusema kwa sauti ya saluni, "Malahaba."

Kicheko kikakatika. Koko akajishika mdomo. Nikajua basi, sasa tumeharibu kabisa, mtoto amempa baraka mzee wa miaka yote hiyo.

Mzee hakuinuka. Alibaki ameinama, mkono ule uko kichwani, muda mrefu mpaka nikaogopa. Kisha akasema maneno kwa Kimasai, polepole, akiiambia ardhi. Nikamtazama Lemburis anitafsirie, yeye anatazama mbali. Koko ndiye aliyeniambia.

"Anasema, wakubwa wake wameisha wote. Yeye ndiye anaweka mkono kwa kila mtu hapa. Wa kumwekea yeye hakuna. Siku nyingi sana hakuna."

Nililia hapo hapo, mashoga zangu, bila nywele na bila aibu.

Siku za maziwa

Siku zilizobaki tuliishi kwa kucheka. Tulikunywa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, Nashipai ana masharubu meupe kutwa. Koko alimvisha Babu ile kofia, ikamkaa kama imeshonewa yeye. Na wigi? Koko aliomba kulijaribu. Kichwa kimenyolewa, shanga zote zile, juu yake nywele za asali mpaka mgongoni! Alipendeza, nisiwadanganye. Jioni akaenda nalo kukamua, ng'ombe wake mwenyewe akamgeuzia pembe, hamjui huyu mama wa mjini. Akalivua, ng'ombe akatulia. Akamaliza kukamua, akalivaa tena. Wanawake wa maboma mengine walikuja kulitazama, wakanywa chai, wakalijaribu kwa zamu. Kuliomba nirudishiwe ningeanzia wapi?

Na kila asubuhi Nashipai alimfuata Babu kwenye kigoda. Babu anavua kofia, anainama, anawekewa mkono, "Malahaba", kisha wanakwenda wote kuwatazama ndama. Hakuwahi kunyoosha mkono wake tena. Mimi nilikuwa nawatazama roho inaniuma, maana alichotuitia hajakipata, na hakudai.

Kurudi

Asubuhi ya kuondoka Paskali alipiga honi kwenye ukungu, akatuambia anaondoka sasa hivi. Nikamwambia namjua. Babu alitusindikiza kwa miguu yake mpaka barabarani, akipumzika njiani, amemkataza kila mtu kumshika. Tulipofika akavua kofia, akainama kama kawaida. Nashipai akamwekea mkono. "Malahaba."

Nikamnyooshea mikono nimpakie. Akanisukuma.

"Sasa mimi," akasema.

Akashusha mikono yake yote miwili. Akainama, jamani, aliinama mpaka nusura apige mweleka, kile kichaka chake kikamwelekea mzee. Babu akanitazama mimi kwanza, kama anaomba ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa. Kile kiganja kikashuka, kikafunika kichwa chote mpaka masikioni. Nikasubiri ukelele. Haukuja. Hata Paskali aliondoa mkono kwenye honi.

"Marahaba, mama," Babu akasema. Kwa Kiswahili.

Basi. Ndiyo hivyo, wigi liko kwa Koko na mimi nasukwa mabutu kama wenzangu. Sasa naomba jambo moja. Msije mkadhani mtoto ameshazoea, mkaanza kumshikashika. Juzi nilidhani hivyo hivyo. Nikachukua kitana, nikamkalisha kwenye kiti hiki hiki cha wateja. Akajifunika utosi kwa viganja viwili, lakini hakupiga kelele. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni.

"Siyo chako," akaniambia. "Kichwa cha Babu."

Nikarudisha kitana mezani.